Dumu la mnazi lililosafiri hadi Shinyalu

Nimerudi Kisumu jana jioni, miguu bado imevimba, lakini acha niandike kabla sijasahau. Jumamosi tulimwoza binti ya kaka yangu, nyumbani kwetu Shinyalu, Kakamega, kwa kijana wa Kiigbo kutoka Anambra, Nigeria. Mahari ilishazungumzwa kwa mila yetu. Siku hii ilikuwa ya igba nkwu, kubeba tembo, yaani pombe ya kugema, ambayo kwao hufanyika nyumbani kwa bibi harusi. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wetu, na mimi ndiye senge, shangazi yake.

Tembo ndilo lilinikosesha usingizi. Kwao hugemwa kwenye mchikichi, na Kakamega mchikichi utautoa wapi? Busaa ipo, lakini niliona haitafaa siku kama hiyo. Jirani yangu wa Nyalenda, Mgiriama, akampigia nduguye simu Kilifi, na dumu la lita 10 la mnazi likaja kwa basi la usiku, kifuniko kimelegezwa lisije likapasuka. Lilifika limechacha. Nilionja nikakunja uso.

Kwanza ikaja kola, ile kokwa ya kutafuna. Desturi yao, mwenye mji ndiye humkaribisha mgeni kwa kola. Sisi hatuna, basi wageni wakatuletea zao, wakatukabidhi sahani ili tuwakaribishe nayo. Heshima hiyo ilinigusa sana. Mzee wao akaiombea kwa Kiigbo, maana kola, wanasema, haisikii Kiingereza: "Onye wetara ọjị wetara ndụ." Aliyeleta kola ameleta uhai. Ilipopasuliwa ilikuwa na vipande vinne, wakafurahi, kwani vinne ni siku za soko lao: Eke, Orie, Afo, Nkwo. Ni chungu, jamani! Lakini ukinywa maji baadaye, maji yanakuwa matamu.

Halafu akatoka bibi harusi, marijani nyekundu shingoni, kikombe cha mnazi kwa mikono miwili, vijana wetu wakipiga ngoma za isukuti. Kazi yake ni kumtafuta mumewe kati ya watu. Wajomba wakamwita kila upande, "Leta hapa, mama!" Akawapita.

Wiki nzima nilikuwa nimemsumbua kuhusu kule kupiga magoti mbele ya mume. Alinijibu, "Senge, mimi ndiye nachagua wa kumpa. Utaona." Mimi siku yangu niliitwa sebuleni nikaulizwa kama nawajua wageni, nikasema ndiyo, macho chini, nikarudishwa jikoni. Waliokuwa nje hawakusikia hata neno.

Yeye kijiji kizima kilimwona. Alimkuta safu ya mwisho, akapiga magoti, akaonja, akampa. Kijana akaunywa mnazi ule mkali hadi tone la mwisho bila kukunja uso, akatia noti ndani ya kikombe, wakaenda pamoja kwa kaka yangu. Kaka hakusema kitu. Aliwawekea mikono vichwani, na mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka.