Koti la Baba kule Matema

"Mama, hivi babu alikuwa anajua kuogelea?"

Aliuliza kitinda mimba wangu, macho kwenye simu, akitazama picha za watu wanaojirusha majini huko Nungwi, Zanzibar. Nilitaka kumjibu kwamba Mkinga wa Makete, mtu wa milimani, na kuogelea, wapi na wapi. Nikabaki nimeshika mwiko mpaka ugali ukaanza kuungua.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule tuliompeleka baba Matema, kwenye Ziwa Nyasa, na kaka ndiye aliyesema mzee apelekwe akapunge upepo. Uyole, Tukuyu na chai yake na migomba, kisha mteremko na joto la Kyela. Pale Ipinda tulipobadilisha gari, sote tulikuwa tumeshavua masweta. Baba alibaki na koti lake la sufu, vifungo vyote vimefungwa.

Wanaokimbilia Zanzibar na kuiruka Matema siwaelewi. Mchanga upo, mawimbi yapo, na maji hayana chumvi. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja hadi ziwani. Ukielekea Ikombe mchanga unakwisha, yanaanza mawe, na samaki wadogo wa rangi unawaona wakipita kati yake.

Baba ziwa hakulitazama. Alitazama mlima. Akavua viatu, akavipanga, akachomeka soksi ndani. Akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, pindo za koti zikaanza kulowa.

"Baba, koti!" kaka akapiga kelele.

Hakugeuka. Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akachota tena. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye mlima ambao nyuma yake ndiko kwao.

"Njia yetu ilipita pale. Babu yangu alishuka nayo na majembe, mimi nimeshuka nayo na viazi. Kupanda tunapanda na mchele."

Kwamba Wakinga walifua chuma na kuwauzia Wanyakyusa majembe, nililijua. Kwamba baba yangu aliwahi kufika ziwani, nilikuwa ndiyo kwanza nasikia.

"Lini, Baba?"

"Ninyi hamjazaliwa."

Akarudi, akanikabidhi koti, zito kwa maji, akaingia tena. Akaogelea. Taratibu, kichwa juu, bila kurusha hata tone, akafika mbali kiasi kwamba kaka alianza kuvua shati amfuate. Nani alimfundisha? Na kwa nini miaka yote ile hakusema? Niliahirisha kuuliza, nikaahirisha tena, mpaka naye akaondoka.

Jumamosi tulipita mnadani Lyulilo, kwa akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu kwa mitumbwi. Baba aligonga kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga kingine, akachukua cha tatu.

Kwenye gari konda alidai nauli ya chungu. Baba, mtu wa kugombania shilingi mia mpaka abiria wote wageuke, alilipa bila neno, akakipakata mpaka Mbeya.