Nimwamshe?

Wiki hii wathibiti ubora wamekuja na kuondoka, harusi ya Rukia imepita salama, Baba Nuru karudi kutoka Mtwara. Ila akili yangu bado iko getini na Mama Zuhura.

Nilimwuliza kwa upole tu. "Mama Zuhura, mchoro wa moyo niliutuma kwenye kundi la wazazi tangu Jumatatu. Mbona mtoto hajauchora?"

Akatua ndoo yake ya vitumbua. "Mwalimu, simu yenye intaneti ni ya baba yake, na baba yake yuko na bodaboda mpaka saa tano usiku. Akirudi, Zuhura kashalala. Nimwamshe?"

Hakusema kwa jeuri. Aliuliza kweli, akasubiri nimwambie. Kengele ikalia, akaniaga, akajitwika ndoo.

Nimwamshe? Nalisikia nikiosha vyombo, nalisikia kwenye daladala. Nikisema mwamshe, mtoto anayeamka alfajiri kumsaidia mama yake kuchoma vitumbua atakuja kusinzia darasani. Nikisema mwache alale, basi somo langu ni la wale ambao simu inashinda nyumbani.

Vifaa si kwamba havipo kabisa. Vile vishkwambi vya Sensa ya 2022 tuligawiwa walimu, na hiki changu chenye kioo kilichopasuka bado kinafanya kazi. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, bure. Bando ndilo la kununua. Na kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, kila tunaposema "mkaangalie nyumbani" tunategemea simu ya mzazi, nayo iko kazini: inaita abiria, inapokea hela. Tunahesabu nyumba zenye simu. Hatuulizi inarudi saa ngapi.

Ijumaa nilipitisha kishkwambi dawati kwa dawati, video ya moyo ukidunda. Kilipomfikia Zuhura hakukipitisha. Akairudisha video nyuma kwa kidole, akatazama vali ikifunga, akairudisha tena. "Mwalimu, kumbe damu haiwezi kurudi ilikotoka!" Wenzake wakaanza kelele, pitisha, pitisha. Nikawaambia mwacheni aone. Kisha akachora palepale, na upande wa kulia wa moyo akauweka kushoto mwa karatasi, pale pale ambapo wengi huchanganya. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuendelea na kipindi kwa muda.

Mkuu amekubali tufungue chumba cha kompyuta baada ya vipindi, nami nitabaki nao. Mama Zuhura, usimwamshe.

Bibi wa Muheza amekataa tena kliniki ya macho, eti mpaka mahindi yavunwe. Shangazi anasema jicho la kushoto sasa halimtambui mtu akiwa mlangoni. Kesho nitampigia mwenyewe, ingawa sijui nitaanza na neno gani asije akakata simu.