Dakika kumi za maombi mazoezini: wiki ya sita

Kwaya yetu ya usharika hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa 11:30 jioni hadi saa 1:00. Maombi siku zote yalibaki mwishoni, yaani mwalimu keshapitiliza muda na sauti ya tatu, watu wana mikoba begani, na amina inaitikiwa mlangoni na anayewahi daladala.

Wiki mbili za kwanza niliyahamishia mwanzoni. Wachelewaji wakapata kisingizio: wakijua hatuimbi kabla ya 11:45, wakawa wanafika 11:45. Tuliomba watu watano, wote majirani wa kanisa.

Tangu wiki ya tatu yako katikati. Mwalimu alinuna kidogo, maana Ijumaa Kuu inakaribia na sauti ya nne bado wanabahatisha nota, ila alikubali. Wimbo wa pili ukiisha tunakaa watatu watatu, kila mmoja wa sauti tofauti. Unataja hitaji lako kwa kifupi, wa kulia kwako anakuombea. Dakika kumi zikitimia, mwalimu anabonyeza do kwenye kinanda. Hiyo do imetuokoa. Tuna mzee mmoja ambaye akianza kuomba huanzia Mwanzo, na Ufunuo hauko karibu.

Kwa Daudi waimbaji walikuwa 288 (1 Nyakati 25:7). Sisi tuko 22 na hatujuani. Kumbe kijana mmoja wa sauti ya nne hana kazi tangu Januari, na mimi katibu nimekuwa nikimsomea deni la sare mbele ya wenzake kila Alhamisi. Nimeacha.

Wiki ya nne niliharibu mwenyewe. Niliandika mahitaji yote kwenye kundi la WhatsApp, eti tuombeane tukiwa nyumbani. Hitaji la dada mmoja kuhusu ndoa yake likapigwa picha, na Jumapili akalisikia kwa watu wasio wanakwaya. Wiki nzima hakuonekana. Nilikwenda kwake na mwenyekiti kuomba radhi. Alitukaribisha chai, akasema kidogo sana. Sasa hakiandikwi kitu.

Alhamisi hii amerudi. Nilimpanga na akina mama wawili wa makamo. Hawakutamka neno hata moja. Walishikana mikono tu, mpaka do ikalia.