Nilivyoendesha kikundi cha vijana wenye wasiwasi

Mimi ni mnasihi. Vijana niliokuwa nikiwaona mmoja mmoja karibu wote waliamini kuwa ni wao peke yao wanaotetemeka wakiitwa kusoma mbele ya darasa. Nikaamua kuwakutanisha, wenye miaka 13 hadi 17, wasizidi 8.

Kabla ya hapo nilizungumza na kila mmoja faraghani. Aliyekuwa na mawazo ya kujidhuru nilimpeleka kwanza kwa daktari wa afya ya akili. Suala la siri nalo nililisema mapema, wazazi wakisikia: yanayozungumzwa hayatoki nje, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini.

Kazi kubwa ilikuwa ngazi ya hofu. Kila kijana aliandika anayoyaogopa, akayapa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha akaanza na yale ya chini. Msichana mmoja aliipa 3 kumsalimia mwalimu njiani, na 8 kuuliza swali darasani. Kabla ya kujaribu aliandika anachotarajia: "Watanicheka wote." Siku alipofikia ile 8, akaandika kilichotokea: "Wawili waligeuka. Mwalimu alinijibu." Bila kujaribu asingelijua hilo kamwe. Kukwepa humpa mtu nafuu ya muda mfupi, lakini hofu inabaki na nguvu zake, kwa kuwa hajapata kuona kwamba angeimudu.

Vijana wana huruma sana. Mmoja akianza kutetemeka, wenzake humkimbilia: "Usijali, utaweza!" Niliwaomba wasiharakishe kumtuliza, bali wamuulize: "Unadhani nini kitatokea?" kisha wakae naye mpaka wimbi la hofu lipungue. Na asiyetaka kusema aliruhusiwa kusema "napita". Kumlazimisha kijana mwenye wasiwasi azungumze ni ukatili, hata kwa nia njema. Nguvu ya kikundi niliiona hapo. Mimi mtu mzima naweza kueleza mapigo ya moyo kutwa nzima, lakini kijana akisikia kwa rika lake, "Hata mimi moyo hunienda mbio," mabega yake hushuka.

Wazazi nao niliwaita, nikawaomba waache kuwajibia watoto wao wanapoulizwa jambo. Mama mmoja alisema hilo ndilo lililomwia gumu kuliko yote, maana alimsemea mwanawe tangu utotoni. Tukakubaliana aanze na simu za shangazi: kijana apokee mwenyewe, mama akiwa chumba kingine.