Siku 19 za kumthibitisha mdogo wangu

Mdogo wangu amerudi Lamu Alhamisi iliyopita. Ndiyo maana sikuandika kitu mwezi mzima. Sikuwa na akili ya kuandika.

Alikuwa Muscat, Oman, miaka mitatu, kazi za nyumbani. Pasi yake ilichukuliwa na mwenye nyumba siku aliyofika, na mkataba ulipokwisha akaambiwa imepotea. Imepotea, basi. Akatoka na mkoba na simu, wasichana wa Mombasa wakampa nafasi chumbani kwao, akanipigia saa nne za usiku, kwao ni saa tano. Nilikuwa barazani nashona kofia ya watu. Sikuishona tena usiku ule.

Nikakimbilia tiketi. Wenye ndugu Uarabuni, msifanye nilivyofanya mimi. Nilidhani akifika ubalozini atapewa karatasi siku ileile, kwa kuwa lugha ni yetu na jina ni la kwetu. Kumbe asiye na pasi, mbele ya ofisa, ni mtu anayesema tu kwamba ni Mkenya. Hati ya dharura, ile ya safari moja ya kurudi nyumbani, haiandikwi mpaka Nairobi ijibu kwamba wanamjua. Tiketi niliyoilipa kwa pesa za chama chetu cha akiba siku yake ikafika, ikapita.

Yeye akapeleka ripoti ya polisi ya kupotelewa na pasi, akajaza fomu, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Kisha akaulizwa namba ya kitambulisho. Hakuikumbuka. Kitambulisho chenyewe alikuwa amekiacha kwa ajenti aliyempeleka, na simu ya ajenti haishikwi.

Hapo Mama akainama uvunguni akavuta bati la biskuti.

Bati lile lina historia. Sisi ni Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya Lamu. Babu alihama bara, upande wa Kiunga, wakati wa vita vya shifta, vya serikali na waasi wa kaskazini mashariki, miaka ya 1960, akavuka kuja kisiwa cha Pate na alichoweza kukipakia kwenye mashua. Karatasi haikuwamo. Basi kila mmoja wetu alipofika miaka 18 na kwenda kutafuta kitambulisho, alikalishwa mbele ya wazee akahojiwa: baba yako nani, babu yako kazikwa wapi, lete kitambulisho cha mama, lete cha ami yako. Mdogo wangu, aliyezaliwa Kizingitini, hukohuko Pate, na kusoma Kizingitini, alirudishwa mara nne. Mara ya tatu alilia kwenye boti mpaka tukashuka. Toka siku ile Mama hatupi kitu: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, kikaratasi cha kusubiria kitambulisho. Na chini kabisa, imekunjwa mara nne, fotokopi ya kitambulisho cha mdogo wangu, mbele na nyuma.

Nikapiga picha zote nikamtumia.

Bado jibu likaja kwamba jina halionekani. Nilikaa nikalitazama bati saa nzima ndipo nikaona. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaesha, na ndivyo tunavyomwita na ndivyo alivyojaza fomu. Kitambulisho kinasema Mwanaisha. Karani wa siku ile aliandika alivyosikia, na sisi, kwa furaha ya kukipata, hatukukisoma. Herufi moja. Ikatumwa upya kwa namba na vidole, si kwa jina.

Kungoja kwenyewe ndiko kulikotumaliza. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, ofisi za Nairobi Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo ofisi za huku na za kule zinakuwa wazi pamoja siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi, na kitu kikikosa Alhamisi jioni kinalala mpaka Jumatatu. Tulilala hivyo mara mbili.

Chumbani mule alikuwamo dada mmoja wa Malindi mwenye mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa hukohuko. Kwa Katiba ya 2010, Ibara ya 14, mtoto yule ni Mkenya kwa kuzaliwa, maana mamake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Katiba ya zamani haikumpa mama haki hiyo mtoto akizaliwa ng'ambo. Sasa haki anayo. Lakini mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mamake atathibitishaje kuwa ni wake? Mdogo wangu amewaacha wawili hao kulekule. Kila akila huuliza kama nao wamekula.

Nasema waziwazi: kumtaka msichana wa Kizingitini aonyeshe kaburi la babu yake ndipo apewe kitambulisho ni dhuluma. Na karatasi zilizokusanywa kwa dhuluma hiyo ndizo zilizomrudisha nyumbani. Hili haliifuti ile.

Siku ya 19, Jumatano, akapigiwa simu. Safari hii tiketi nilinunua baada ya kuiona picha ya hati, jina lake juu yake, na i yake. Akaruka mpaka Nairobi, kisha ndege ndogo mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, mkabala na Lamu. Mama alikuwa gatini toka saa tatu asubuhi na ndege ni ya mchana. Boti ilipogusa ngazi hakumngoja apande, alishuka yeye. "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, basi, hakusema la pili.

Ukiwa na mtu huko, mwombe usiku huu picha ya pasi na ya kitambulisho, pande zote mbili, na usome jina herufi kwa herufi ukilinganisha na cheti cha kuzaliwa.

Sisi Jumatatu tunakwenda kuanza kurekebisha ile herufi. Bati Mama hajalirudisha uvunguni.