Msumari wa Bati Ulivyoniumbua Mbele ya Mpwa Wangu

Kila niliyemwomba ushauri hapa Kasese, Uganda, kuhusu mpwa wangu, binti anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, aliniambia kwamba aina za mimenyuko ya kemikali hukaririwa kwa herufi tu: A na B huwa AB, basi. Tulikariri wiki mbili, naye akazitamka kama kasuku, lakini nilipomwuliza mkaa unaowaka kwenye sigiri ni mmenyuko gani, alitazama dari. Ni mwako, na papo hapo ni muungano, kwa kuwa kaboni huungana na oksijeni; herufi hazikutuambia hilo.

Mtengano ulikuwa rahisi, maana mawe ya chokaa yanachimbwa hapo Hima: yakichomwa kwa joto la takribani nyuzi 900 hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa, ambayo ikimwagiwa maji huungana nayo na kuchemka.

Uhamishaji, yaani elementi moja kuifukuza nyingine kutoka kwenye kiambata chake, ndio ulioniumbua. Nilinunua mrututu, yaani salfeti ya shaba, katika duka la pembejeo, kwa shilingi elfu chache hivi, nikauyeyusha kwa maji katika chupa ya kioo (isiyotumika tena kwa chakula, kwani ni sumu), nikatangaza kwa mbwembwe kwamba msumari ukikaa humo utavaa shaba nyekundu. Nikatumbukiza msumari wa bati uliosalia tulipoezeka jiko. Baada ya dakika chache ulikuwa umeota manyoya meusi kama masizi.

“Mjomba, hiyo ndiyo shaba?”

Nikasema nimeuziwa mrututu bandia, na nilikwisha kuvaa viatu niende kugombana na mwenye duka, binti alipokwangua yale masizi, akayasugua kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi, yakang’aa wekundu. Ilikuwa shaba kweli, chembe ndogo mno. Msumari wa bati hupakwa zinki ili usishike kutu, na zinki huifukuza shaba kwa kasi kuliko chuma kifanyavyo. Msumari wa kawaida, uliopigwa msasa kwanza, ulivaa wekundu wake taratibu kama nilivyoahidi.

Mrututu uliobaki tuliuchanganya na maji ya magadi, yakashuka machicha ya rangi ya kijani na buluu: hapo viambata viwili vilibadilishana wenzi. Chupa nikaitupa. Msumari mweusi binti ameuweka kwenye kikasha chake cha kalamu, na kila mgeni akija huusimulia yeye, akianzia pale nilipovaa viatu.