Faida iko kwenye shingo: nilivyoanza kununua na kuuza besi kuukuu

Besi ya kwanza, yaani gita la besi, niliyoinunua kwa nia ya kuiuza ilikuwa stoo ya kanisa moja kule Mbagala, Dar es Salaam, imelala chini ya viti vya plastiki vilivyovunjika na bango la mkutano wa injili uliokwisha zamani. Nilikuwa nimealikwa kupiga kwenye harusi. Nikamuuliza mzee wa kanisa ile besi ni ya nani. "Hiyo imekufa, mwanangu," akanijibu. "Ilikuwa inaunguruma tu, tukanunua nyingine." Nikamwomba waniuzie. Ikabidi wakae kikao, maana kanisani hata kiti cha mguu mmoja hakiuzwi bila kikao. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu: shilingi 120,000. Hiyo ilikuwa mwaka 2021.

Mimi ni mpiga besi wa kwaya, si fundi wa kusomea. Nilichokuwa nacho ni mjomba mwenye kibanda cha kutengeneza redio Temeke, ambaye tangu nikiwa darasa la tano alikuwa ananishikisha tochi yeye akiunga waya. Nikampelekea ile besi. Tukaichomeka kwenye spika yake ya majaribio, ikatoa mlio mzito wa "mmm" kama friji bovu.

"Shika nyuzi," mjomba akaniambia. Nikashika. Mlio uko palepale. "Sasa shika chuma cha pale unapochomeka waya." Nikagusa jeki kwa kidole na mlio ukapungua papo hapo. Mjomba akacheka. Akanieleza kwamba chini ya daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi upande wa chini, hupita kiwaya chembamba kinachounganisha nyuzi na ardhi ya umeme. Kikiwa kizima, ukishika nyuzi mlio hupungua. Kikikatika, nyuzi zinakuwa kama hazimo. Tukafungua skrubu za daraja na kweli, kiwaya kilikuwa kimeoza kabisa kwa kutu, kimebaki unga wa kijani. Risasi kidogo ya kuungia, waya wa sentimita kumi, dakika ishirini. Kwaya nzima ilikuwa imenunua besi mpya kwa sababu ya kiwaya hicho.

Nikadhani nimepata utajiri. Nikaiweka nyuzi mpya, nikaipiga, na hapo ndipo nikaona tatizo lenyewe. Ili uzi uguse freti za katikati, vile vyuma vilivyolazwa kukingama shingo, ilibidi ubonyeze kama unakamua nguo. Shingo ilikuwa imepinda kama upinde kwa kukaa miaka chini ya vile viti.

Hapa nieleze jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Ndani ya shingo ya besi nyingi mnapita chuma kirefu. Sisi tunakiita rodi. Nyuzi nne za besi zinavuta shingo kwa nguvu nyingi kwenda mbele, na kazi ya rodi ni kuvuta kurudi nyuma. Unaikaza kwa alenki, kile kifunguo chenye pembe sita, robo mzunguko tu, kisha unaacha hadi kesho. Ukiwa na haraka ukapiga mzunguko mzima unaweza kuikata, na rodi iliyokatika ni sawa na injini iliyopasuka. Kupima ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ile shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa pili, halafu angalia katikati. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo. Mimi natumia vocha ya simu ya kukwangua: ikipita kwa kugusagusa pande zote mbili, basi. Ile ya Mbagala ingepitisha vocha tatu zikiwa zimebebana. Ilinichukua siku tano, robo kwa robo, ikanyooka. Niliiuza 300,000 kwa kijana wa kwaya ya Tabata. Nikajiona mfanyabiashara.

Ya pili ndiyo iliyonishusha. Nilinunua kwa haraka bila kuangalia shingo vizuri, nikiamini rodi inatibu kila kitu. Rodi inatibu shingo iliyopinda mbele au nyuma. Shingo iliyosokotwa, yaani upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umelala, haitibiki kwa alenki hata ukeshe. Tangu siku ile, kabla sijauliza bei, naishika besi kama seremala anavyotazama ubao: jicho moja limefumba, natazama kutoka mwilini kuelekea kichwani. Vile vyuma vya freti vinatakiwa vilale sambamba kama ngazi. Ngazi ikienda mrama, narudisha besi kwa adabu, namwambia mwenye mali nitarudi.

Uzuri ni kwamba besi nyingi zinafuata mtindo wa Mmarekani Leo Fender, aliyeleta Precision Bass mwaka 1951. Besi yake ilikuwa na freti, ndiyo maana ikaitwa "ya usahihi": ukibonyeza nyuma ya freti noti inatoka sawa, hupapasi kama kwenye lile besi kubwa la kusimama. Jambo lililonisaidia mimi zaidi ni kwamba shingo aliifunga kwa skrubu nne badala ya kuigundisha. Na urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, inchi 34, ndio umekuwa wa kawaida duniani. Kwa hiyo mwili mzuri wenye shingo mbovu, na shingo nzuri yenye mwili uliopasuka, mara nyingine vinaoana. Ile ya pili nilikaa nayo miezi saba hadi nilipopata besi nyingine iliyoangushwa jukwaani ikapasuka mwili. Ndoa ikafungwa. Matundu mawili ya skrubu hayakulingana, nikayaziba kwa vijiti vya mshikaki na gundi ya mbao, nikatoboa upya. Hasara ilibaki hasara, lakini ilipungua.

Upande wa umeme watu wanauogopa bure. Kukwaruza unapozungusha volyumu mara nyingi ni vumbi na unyevu wa pwani, unapuliza dawa ya kusafishia swichi, unazungusha mara thelathini. Sauti inayokatikakatika ukitikisa waya ni jeki imelegea. Pikapu yenyewe, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, na hapa mke wangu aliposikia nanunua "pikapu mbili" alishtuka akidhani ni magari, ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, haifi ovyo.

Kisa ambacho bado kinanikera kidogo ni cha besi ya Ibanez, nyuzi tano, ya kijana aliyekuwa akipiga bendi ya hoteli. Aliniambia imeungua, haitoi sauti kabisa, anataka 200,000 apate nauli na kodi. Nikaigeuza, nikaona nyuma kuna kidirisha cha betri. Besi za namna hiyo zina saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9, na saketi inawaka muda wote waya ukiwa umechomekwa kwenye jeki. Ukizoea kuiacha na waya umechomeka, betri inakwisha na besi inanyamaza. Sikufungua kidirisha pale pale. Nililipa, nikaondoka, nikafungua nyumbani: betri imevimba, imevuja. Nikasafisha vishikio kwa siki na brashi ya meno, nikaweka betri mpya, ikapiga. Niliiuza 650,000. Miezi baadaye tulikutana kwenye msiba wa mwanamuziki mwenzetu nikamwambia ukweli. Akanyamaza muda, akasema, "Kaka, si ungeniambia tu siku ile?" Sikuwa na jibu. Sasa hivi mtu akiniletea besi "iliyokufa" yenye kidirisha, tunafungua wote wawili kabla ya bei. Faida imepungua, usingizi umeongezeka.

Kuhusu nyuzi: wapiga besi wengi wa mjini tunazijua za kuchemsha. Unavua nyuzi zilizochoka, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka dakika kumi, mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, unazikausha, zinarudi kulia kama mpya. Tatizo ni kwamba mlio huo haudumu. Mwanzoni nilichemsha ili nibane matumizi, na mteja mmoja akanirudia baada ya wiki mbili akisema besi "imezubaa". Alikuwa na haki. Tangu hapo kila besi inayotoka kwangu ina nyuzi mpya, na pakiti tupu naiweka ndani ya begi aione.

Kuna pia bei ya ujinga, nayo niliilipa. Mtu alinionyesha Jazz Bass yenye jina la Fender kichwani, akataka 700,000, nikaona nikiiuza milioni na nusu nimeula. Niliipiga, ilikuwa inalia vizuri, macho yakapofuka. Nyumbani nikafungua pikapu kuisafisha, nikaona kwenye ukuta wa shimo mistari ya plaiwudi, tabaka juu ya tabaka. Fender huchonga hizi kwa mbao nzima, hasa alda au ashi. Nikapitisha ukucha juu ya lile jina kichwani: limeinuka, ni stika iliyobandikwa juu ya rangi. Namba ya simu ya yule aliyeniuzia haikupatikana tena. Niliiuza 350,000, stika nikiwa nimeibandua mwenyewe, nikamwambia mnunuzi wazi kwamba haina jina. Kuna jamaa alinishauri niiache stika. Mnunuzi naye angekuja kuuza, na Dar wapiga besi tunajuana.

Wateja wangu wakubwa ni kwaya na vikundi vya kusifu na kuabudu. Vijana hao wanataka nyuzi tano, kwa ajili ya ule uzi wa chini unaotikisa kifua, kwa hiyo nyuzi nne nazipata kwa bei nafuu lakini zinakaa sana ukutani. Wazee wa dansi ndio bado wanataka nyuzi nne, na hawapendi kung'aa. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, besi ikiwa safi sana naogopa kuishika." Rangi iliyochubuka siigusi siku hizi. Niliwahi kupaka moja upya kwa rangi ya kupuliza ya magari, nikapoteza wikiendi mbili, bei haikupanda hata elfu kumi.

Kosa lililonifunza zaidi lilitoka Dodoma. Niliwatumia kwaya moja besi nzuri, nimeipima na vocha, nyuzi mpya, kila kitu. Baada ya mwezi na nusu mwalimu wao akanipigia: "Fundi, besi yako inakata vidole." Nikadhani anatania. Akatuma picha ya kiganja chenye michirizi. Ni hali ya hewa: Dar kuna unyevu, Dodoma ni kukavu. Ubao wa shingo ulipofika kule ulikauka ukasinyaa, lakini freti ni chuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake zikatokeza pembeni kama meno ya msumeno. Nilipanda basi na tupa ndogo, nikakaa kwenye benchi la kanisa asubuhi nzima nikipitisha tupa kwa mshazari ncha moja moja, freti 24, pande mbili, huku nimebandika karatasi ya gundi kulinda mbao. Mwalimu wa kwaya alininunulia chipsi kuku. Nauli ya kwenda na kurudi na siku ya kazi niliyopoteza vilikula faida yote ya besi ile. Sasa nikijua besi inakwenda bara, nazungushia tupa kabla haijaondoka na namwambia mnunuzi aupake ubao mafuta ya limau ya kupaka mbao kila baada ya miezi michache.

Hesabu ya kawaida inakuwa hivi, hii ni ya Yamaha ya mwaka jana: kununua 280,000, nyuzi 60,000, jeki na volyumu moja 12,000, bodaboda za kuzunguka 8,000. Jumla 360,000. Niliiuza 520,000, ikabaki 160,000. Ila ilikaa ukutani wiki tano, na saa zangu sikuzihesabu. Ningezihesabu nisingeandika haya kwa furaha. Daftari linaniambia nimeuza 16 tangu nianze. Mbili zilinitia hasara, moja ilirudisha mtaji tu, nayo ni ya Dodoma. Haijanifanya niache kazi, lakini ada ya shule ya mtoto wa kwanza inatoka humo, na besi ninayopigia kanisani sikuinunua kwa mshahara.

Kwa sasa ukutani kuna moja iliyosokotwa shingo, niliyoichukua 90,000 kwa ajili ya pikapu zake, na nyingine imeshakwenda kwa kwaya iliyolipa kwa mafungu. Wamebakiza 70,000 tangu Pasaka. Juzi nilimpigia mweka hazina, akaniambia kwa upole kabisa, "Jumapili, mtumishi." Sikumwuliza ni Jumapili ipi.